Bifu la 510 na 503: Mastaa Wanatambiana Farasi, Breki Je?

Wiki nzima mitandao imechafuka kwa sababu ya farasi saba. Siyo farasi wa mbio wala farasi wa harusi. Ni farasi wa injini.

Ilianza hivi. Staa mmoja wa Bongo Fleva, yule asiyevua miwani nyeusi hata saa nne usiku, kaposti BMW M4 Competition yake na maneno mawili tu: "510. Sogeeni." Hazijapita saa mbili, kijana mmoja wa mjini, mfanyabiashara ambaye biashara yenyewe hakuna anayeijua vizuri, kajibu na Mercedes-AMG C63 S yake ya milango miwili: "503, ila ni V8. Heshima kwanza." Hapo mashabiki wakapata chakula. Timu BMW wakapiga hesabu ya darasa la pili: 510 toa 503, baki saba. Kwa hiyo Benz imepigwa. Mjadala umefungwa.

Katikati ya vumbi hilo akajitokeza mchekeshaji mmoja mwenye Audi RS5, akaandika 450. Masikini, alichekwa mpaka akafuta posti. Akaambiwa arudi kwenye IST yake ya zamani, aache wakubwa waongee.

Sasa bifu limehama kutoka kwenye simu. Wawili wale wamekubaliana kumaliza ubishi usiku, kwenye barabara ya njia nne nje kidogo ya jiji, na kurasa za udaku zinapigisha kura: nani atashinda? Maelfu wamepiga kura. Karibu wote wanabishania namba ambayo hawajaielewa, na hilo ndilo tatizo. Namba ingekuwa ya kuringia tu, isingemdhuru mtu. Hii inataka kuingizwa barabarani.

Farasi saba ambao hawapo

Habari mbaya kwa Timu BMW: hao farasi saba hawajawahi kuzaliwa.

Duniani kuna vipimo viwili vya farasi wa injini. Wajerumani wana wao, wanauandika PS. Farasi mmoja wa PS ni nguvu ya kuinua mzigo wa kilo 75 kwenda juu mita moja kwa sekunde moja. Waingereza na Wamarekani wana wao, uliotokana na James Watt, yule Mskoti wa injini za mvuke, aliyehitaji kuwaeleza wateja kwamba mashine yake inafanya kazi ya farasi wangapi. Farasi wa Watt ana nguvu kidogo zaidi, anainua kama kilo 76. Ndiyo maana gari lilelile likipimwa kwa farasi wa Kiingereza linatoa namba ndogo kuliko likipimwa kwa farasi wa Kijerumani.

Chukua farasi 510 wa Kijerumani, wageuze wawe wa Kiingereza. Unapata 503. BMW M4 Competition ina 510 za Kijerumani. Mercedes-AMG C63 S ina 510 za Kijerumani. Ukitaka kumaliza ubishi kabisa, tumia kilowati: gari la kwanza 375, la pili 375. Staa alisoma karatasi ya Ulaya, mfanyabiashara akasoma ukurasa wa Marekani. Ni kama watu wawili wenye shamba la ukubwa mmoja, mmoja analipima kwa ekari na mwingine kwa hekta, halafu mashabiki wanatukaniana mama kwa sababu namba hazifanani.

Watu wameblokiana kwa jambo hili. Watu wa mtaa mmoja hawasalimiani.

450 aliyechekwa

Twende kwa mchekeshaji, maana yeye ndiye aliyeonewa kuliko wote.

Kipimo ambacho watu wa magari hukitazama haraka ni muda wa kutoka sifuri mpaka kilomita 100 kwa saa. Kwa namba za viwanda vyenyewe, M4 Competition ya kusukumwa na matairi ya nyuma, kama ya staa, inatumia sekunde 3.9. C63 S ya milango miwili, sekunde 3.9. Na ile RS5 ya farasi 450, iliyofukuzwa na vicheko? Sekunde 3.9.

Zilezile. Farasi 60 pungufu, muda uleule.

Siri siyo ushirikina. RS5 inasukumwa na matairi yote manne. Gari linapoondoka kwa nguvu, kazi kubwa ni kuifikisha hiyo nguvu kwenye lami bila tairi kuteleza. Gari la matairi mawili ya nyuma likikanyagwa mafuta ghafla, kompyuta inalazimika kubana injini ili matairi yasizunguke bure. Farasi wapo, ila wamefungwa kamba. Audi ina farasi wachache lakini wote wanne wanakanyaga chini.

Nani anabisha? BMW wenyewe wametoa ushahidi. M4 Competition hiyohiyo ipo pia ya matairi manne, wanaiita xDrive. Injini ileile, farasi walewale 510, na ina kama kilo 50 zaidi kwa sababu ya vyuma vya kupeleka nguvu mbele. Kwa akili ya mashabiki, gari zito lenye nguvu ileile lingekuwa zembe. Lakini linatumia sekunde 3.5. Limekuwa zito na limekuwa jepesi kuondoka kwa wakati mmoja. Farasi hawakuongezeka hata mmoja. Kilichoongezeka ni miguu.

Kwa hiyo mtu anayesema "gari langu lina 510, lako lina 450, kaa pembeni" amesema nusu ya habari. Hajasema uzito. Hajasema nguvu inaenda matairi mangapi. Hajasema giaboksi inabadilisha kwa kasi gani. Na hajasema jambo linaloamua kuliko yote, tairi lenyewe ni lipi na lina umri gani. Hilo litarudi baadaye, maana ndipo watu wanapofia.

Karatasi nayo ni mwanasiasa

Kuna wanaoamini namba ya karatasi kama aya ya msahafu. Wakumbushwe historia kidogo.

Kuanzia 1989, viwanda vya magari vya Japani vilikuwa na makubaliano ya kiungwana: gari la soko la nyumbani lisitangazwe zaidi ya farasi 280. Nissan Skyline GT-R za miaka ile zote, R32, R33 mpaka R34, kwenye karatasi ni 280. Toyota Supra ya turbo mbili, 280. Wakati huohuo Supra hiyo ya soko la Marekani ilitangazwa 320. Mafundi walijua, wanunuzi walijua, kila mtu akakausha. Makubaliano yalivunjika 2004, Honda ilipoitoa Legend yenye farasi 300. Kwa miaka 15, mbishi wa karatasi angeapa kwamba magari yote makali ya Japani yana nguvu sawa.

Upande wa pili kuna waliozidisha. Mwaka 1999 Ford ilitangaza Mustang Cobra yenye farasi 320. Wamiliki wakaipima wenyewe, wakakuta farasi hawatimii. Kampuni ikasimamisha mauzo na kuyaita magari yarudi yakarekebishwe. Hiyo ni Ford, yenye mainjinia na maabara. Sasa fikiria "710" iliyoandikwa na fundi wa mtaani baada ya kuingiza kompyuta ndogo kwenye injini na kukata bomba la moshi. Kelele zimeongezeka, hilo halina ubishi. Debe tupu haliachi kutika.

Halafu kuna mafuta na hewa. Dodge Challenger Demon 170, gari la milango miwili lililotikisa dunia kwa farasi 1,025, linafikisha namba hiyo likinyweshwa E85, mafuta yenye ethanoli nyingi. Likipewa petroli ya kawaida ya pampu za Marekani linashuka mpaka 900. Farasi 125 wamekaa kwenye tenki, siyo kwenye injini. Injini za kisasa zikipewa mafuta hafifu hujisikia zinagonga ndani, kompyuta inarudisha nyuma cheche ili zisijiue, na nguvu inashuka bila dereva kuambiwa. Staa anaendelea kuandika 510.

Wakenya nao wameingia kwenye ubishi na Mustang zao za V8, farasi 460 za Kiingereza. Wakumbuke Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Fanya hesabu: ile 460 inakaribia 380. Jirani mwenye Supra mpya ya turbo, farasi 382 kwenye karatasi ya Marekani, hapotezi kiasi hicho, kwa sababu turbo inasukuma hewa kwa nguvu. Mombasa Mustang inatamba, Nairobi inaombana radhi na Supra. Gari lilelile.

Mashindano halisi yanasemaje

Mtu atasema haya ni maneno ya mezani. Basi atazame Safari Rally kule Naivasha. Mwaka 2022 magari ya daraja la juu yote yalikuwa na injini ya turbo ya ujazo wa lita 1.6, na kifaa cha umeme cha kusaidia injini kilikuwa cha aina moja kwa wote. Nguvu zilikuwa karibu sawa. Matokeo hayakuwa karibu sawa hata kidogo. Toyota ilichukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Wengine waliachwa kwenye mawe na vumbi, huyu gari limeharibika, yule tairi limepasuka. Hakuna aliyetoka pale akihojiwa una farasi wangapi. Walihojiwa limefikaje.

Huko, gari lililoshinda ni lililomaliza. Mitandaoni, gari limeshinda kabla halijawashwa.

Sasa hiyo mbio ya usiku

Hapa ndipo utani unaishia.

Magari mawili yenye nguvu ileile na muda uleule yakishindana kwenye barabara ya umma, ni nini kitaamua mshindi? Siyo farasi, wako sawa. Siyo injini. Kitakachoamua ni nani atachelewa zaidi kukanyaga breki. Yaani mashindano hayo yamegeuka kuwa mashindano ya woga, na mwenye akili ndiye atakayetangazwa ameshindwa.

Gari linalokwenda 100 linakula mita 28 kila sekunde. Likienda 200, mita 56. Dereva mzima, asiyelewa, macho makavu, huhitaji kama sekunde moja kuona kitu na mguu kufika kwenye breki. Gari la spoti lenye matairi mazuri likitoka 100 huhitaji kama mita 35 kusimama. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne. Kutoka 200 ni kama mita 140, jumlisha zile 56 za mtu kushtuka. Karibu mita 200. Hivyo ni viwanja viwili vya mpira kasoro kidogo, vimelazwa mwisho kwa mwisho.

Ndani ya viwanja hivyo viwili, usiku wa Bongo, kuna nani? Kuna bodaboda asiye na taa ya nyuma. Kuna mama anayevuka na beseni la samaki akitoka kufunga genge. Kuna lori bovu limeegeshwa na matawi ya miti badala ya alama. Kuna ng'ombe, kuna bajaji imegeuza pasipogeuzwa, kuna tuta ambalo lilichongwa juzi na halijapakwa rangi. Hakuna kati yao aliyepigishwa kura mtandaoni. Hakuna aliyeulizwa yuko Timu 510 au Timu 503.

Wawili hao wakipata ajali, wana mikoba ya hewa, wana vyuma vya Ujerumani vilivyopimwa vikigongeshwa ukutani. Mwenye beseni ana kanga.

Anayewatazama

Watetezi wao wana hoja, na isikilizwe. Wanasema hii ni burudani, ni kiki kama kiki nyingine, na kwamba wanaolalamika wana wivu, hawajawahi hata kukaa kwenye kiti cha C63. Kuhusu wivu, sawa, ile sauti ya V8 ikiamka asubuhi hakuna kijana asiyegeuka. Kupenda magari siyo dhambi. Kubishana kuhusu magari ni raha, vijiwe vingi vimejengwa juu ya ubishi huo, na Mungu avibariki.

Lakini kiki ya wimbo ikibuma, wimbo unasahaulika. Kiki hii ikibuma, kuna msiba.

Na hata mbio isipofanyika, kuna anayetazama. Yupo kijana Mbagala, yupo mwingine Tabata, mwingine Arusha, ana Altezza iliyotoka Japani zaidi ya miaka 20 iliyopita. Enzi zake ile ya gia za mkono ilitangazwa farasi 210. Leo hakuna ajuaye wangapi wako hai. Kaikopea hela, kaishusha, kakata bomba la moshi, kawekewa taa za buluu chini. Hela ilipoisha, alibakiza kitu kimoja: matairi. Akanunua ya mtumba, yana kashata nzuri, yanang'aa kwa mafuta ya kupaka. Kwa sababu mastaa wake hawajawahi kuposti tairi. Wameposti 510, wameposti 503, wameposti mlio, wameposti sindano ya spidi ikiwa imesimama mahali ambapo peke yake inatosha kuwa kesi. Kijana kajifunza alichofundishwa.

Tairi lina cheti chake cha kuzaliwa, kimeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, fuata mpaka mwisho, kuna namba nne. Zikiwa 2316, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira ukizeeka unakauka na kuwa mgumu hata kama kashata bado ipo, na mpira mgumu hauishiki lami, hasa ikinyesha. Zile mita 35 za kusimama zinageuka nyingine kabisa. Namba hizo nne ni bure kusoma, na zinasema mengi kuhusu gari kuliko farasi wote walioandikwa wiki hii.

Kama wanataka kweli

Kama staa na mfanyabiashara wanataka kujua gari lipi ni kali, njia ipo na haina aibu. Watafute eneo lililofungwa, kwa kibali, lenye gari la wagonjwa na watu wa kuzima moto. Wapime sifuri mpaka 100. Halafu wapime na 100 mpaka sifuri, kipimo ambacho mashabiki hawakijui na ndicho kinachotofautisha gari zima na bovu. Wamwite na mchekeshaji na RS5 yake ya 450. Wauze tiketi, hela iende wodi ya mifupa. Hiyo ingekuwa kiki ya mwaka, na kila mtu angelala nyumbani kwake.

Wakiona hilo ni gumu, basi kuna jambo dogo zaidi. Kila mmoja achuchumae pembeni ya mkoko wake, apige picha ubavu wa tairi, aziposti zile namba nne. Bila miwani nyeusi, bila wimbo nyuma. Mpaka sasa hakuna kati yao aliyefanya hivyo, na huenda sababu ni rahisi: mwenye gari la kukodi hajui tairi lina umri gani.

Mpaka hapo watakapoziweka hadharani, 510 na 503 ni namba moja iliyoandikwa na watu wawili wasiojua hesabu. Na kijana wa Altezza, kabla ya kulike, ashuke akasome za kwake.

Haya wadau, za kwako zinasomaje? Tupia hapo chini.